Kigoda cha Zuleha

Asubuhi ya ngoma Zuleha alikipangusa kigoda chake kwa kitambaa kibichi, akakiweka katikati ya uwanja, mahali ambapo hata mwizi asiyeona angekigusa. Kisha akaingia jikoni na kujifanya ana kazi. Kazi yenyewe haikuwepo, maana wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa humo tangu jana wakimenya ndizi na kupepeta mchele, na kila alipogusa sufuria aliambiwa, "Mama, kaa." Akae wapi, na kigoda kiko nje kinasubiri kuibiwa?

Hapo Lugala, kitongoji kilicho juu kabisa ya Bigwa, pale pikipiki zinapokomea na miguu kuanza, ngoma ya kumtoa mwali haianzi mpaka mtani afike. Wageni waweza kujaa mpaka kwenye migomba, wapigaji waweza kuzikausha ngoma zao motoni mpaka zilie kwa kuguswa na kidole, lakini kama mtani hajaja kuiharibu shughuli, shughuli haipo. Mtani huingia kwa fujo, huwatukana wenye nyumba, huwapaka masizi, kisha hukiiba kigoda cha mama mkuu wa ukoo na kutimua mbio. Mama hawezi kuanzisha wimbo wa kwanza asipokikalia. Basi humfuata mwizi na jogoo mkononi, wanabishana huku watu mbavu hawana, mwisho jogoo anakwenda kwa mtani na kigoda kinarudi kwa mwenyewe. Hapo ndipo ngoma inapolia. Na mtani hapewi shikamoo wala haitoi, hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi. Siku hiyo heshima huvuliwa mlangoni pamoja na viatu.

Mtani wa nyumba ya Zuleha alikuwa Tomasi, Mnyamwezi wa Tabora. Ukiuliza kwa nini Mluguru na Mnyamwezi wataniane utapewa majibu ya kila namna. Wengine watakwambia wazee wao walipigana wakachoka. Wengine watasema Wanyamwezi walipita hapo chini na mizigo ya watu kichwani wakielekea pwani, wakaomba maji, wakapewa maji pamoja na matusi, na tangu siku hiyo wakawa ndugu. Aliyekuwepo hayupo tena, kwa hiyo kila mtu anaruhusiwa kuongeza chumvi yake.

Tomasi aliletwa Lugala na Hafidhi, mume wa Zuleha, enzi hizo Hafidhi akiuza ndizi kwenye stesheni ya Kingolwira na Tomasi akiwa kijana wa reli aliyetumwa mbali na kwao, hana ndugu hata wa kucheka naye. Hafidhi alipogundua kabila lake alimshika mkono kama aliyeokota mali. Mwaka huo kigoda bado kilikuwa cha mama yake Zuleha, na Zuleha alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Tomasi alisimama uwanjani na kofia yake ya reli, kubwa kuliko kichwa, akatangaza:

"Nimesikia huku mlimani watu wana mguu mmoja mfupi na mmoja mrefu, kwa sababu ya mteremko. Nimekuja kuhakikisha."

Watu wakageuka kuona nani atajibu. Akajibu Zuleha.

"Na sisi tumesikia huko kwenu mtoto akizaliwa anapewa mzigo kwanza, jina baadaye. Wewe jina ulishapata, au bado umebeba?"

Kuanzia hapo hakuna ngoma iliyolia Lugala bila Tomasi. Na Waluguru hawakukubali kuchokozwa kwao tu. Krismasi Zuleha aliwakusanya wanawake wenzake, wakateremka na mitandio yao mpaka nyumba za reli Kingolwira, wakaingia bila hodi, wakalibeba sufuria la pilau kutoka jikoni kwa Yuliana, mke wa Tomasi, na kukaa nalo barabarani mpaka likombolewe. Wagogo na Wahehe waliokaa nyumba za jirani walitoka nje kutazama, halafu wakaanza kuchagua upande. Idd ilipofika Tomasi alipanda na wanawe, akasimama mlangoni pa Hafidhi akidai nguo mpya za sikukuu kama mtoto mdogo. Hivyo ndivyo watoto wa Zuleha walivyoijua Krismasi, na watoto wa Tomasi wakaijua Idd, kwa kuibiana masufuria.

Hata misiba waliibeba hivyohivyo. Yuliana alipofariki, Zuleha ndiye aliyeingia matangani akatembea mwendo wa marehemu, ule wa kuchechemea akiwa na haraka, akagomba kwa sauti yake kwamba chumvi imezidi, mpaka Tomasi akacheka na machozi yakimtiririka. Hafidhi alipofariki, Tomasi aliingia kaburini akajilaza, akasema shimo ni zuri na hatoki mpaka apewe kuku. Zuleha alikuwa ndani na wanawake. Alisikia kicheko cha wanaume kikipanda kutoka makaburini, naye akapata nguvu ya kuinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ujane wa Zuleha ulipokwisha kuzoeleka, ikaja ngoma ya binti wa dada yake. Tomasi alikiiba kigoda kama kawaida. Zuleha, ambaye sasa ndiye mama mkuu, akamfuata na jogoo. Tomasi hakubishana. Alikikumbatia kigoda kifuani akasema, watu wote wakisikia:

"Mwaka huu jogoo sitaki. Namtaka mwenye kigoda."

Watu walianguka kwa kicheko. Zuleha alimtazama machoni, na macho hayakuwa yanacheka. Aliliona hilo waziwazi. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea kwa miaka mingi kumjibu Tomasi kabla kichwa hakijapata nafasi, na siku hiyo nao haukusubiri.

"Niolewe na mbeba mizigo? Bora punda. Mizigo ni ileile na kelele ni kidogo!"

Uwanja ulipasuka. Abuu, kaka yake Zuleha, mpigaji mkuu, aliigonga ngoma mara moja kwa kumpongeza dada. Tomasi naye alicheka. Alikiweka kigoda chini, mbele ya miguu ya Zuleha, taratibu, akageuka akashuka zake, na jogoo akabaki mkononi mwa Zuleha. Watu wakasema mtani amezeeka, siku hizi anasahau hata ada yake.

Baada ya hapo hakupanda tena. Alistaafu, akahamia Kihonda kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga kidogo kidogo, na kila alipoalikwa alisingizia miguu. Lugala wakaazima mtani mwingine, Msukuma mmoja muuza mitumba wa mjini, maana Wasukuma nao ni watani. Mtu mwema, lakini alikiiba kigoda kama anayehamisha samani, akiuliza akiweke wapi.

Kutoka uani kwa Zuleha, ukungu ukishatoka, Kihonda yote inaonekana, mabati yanameta mpaka kule treni ya umeme inakosimama. Zuleha alijizoesha kukaa pale na chai yake asubuhi. Aliwaambia wajukuu kwamba anatazama hali ya hewa. Hali ya hewa ya Lugala inatokea mlimani, nyuma ya nyumba, na wajukuu walilijua hilo, ila walikuwa na adabu.

Alimtamani. Tuseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alitamani kusikia viatu vyake vya reli kwenye mawe ya njia, na ile sauti yake ya kutukana watu kabla hajawaona. Alitamani kuulizwa kama ameshakula, na aulizwe na mtu ambaye angemwambia hapohapo kwamba anaonekana hajashiba tangu azaliwe. Usiku mmoja kitandani ndipo alipoelewa lile la jogoo. Mtani anayekataa ada ameacha utani. Tomasi alikuwa amesema neno la kweli, akajibiwa punda.

Mtu atauliza, si ana simu? Alikuwa nayo, na walipigiana. Zuleha akisema "haloo," Tomasi anasema, "Hee, kumbe huko juu mmeshajua moto na simu mmezijua!" Naye Zuleha angefanya nini kama si kumrudishia? Walitukanana mpaka salio likaisha, akabaki ameishika simu mkononi na lile alilotaka kusema liko palepale kooni. Hawakuwa na namna nyingine ya kuongea, hawakuwahi kuitengeneza. Na kushuka tu, siku isiyo na sikukuu wala msiba, mjane aende kukaa kwenye baraza la mgane? Hiyo ingekuwa si salamu tena. Mambo ya dini na watoto wakubwa yangekuwa na siku yake. Wenye kusema wangesema. Kilichomtisha ni kufika, kulisema lile neno, halafu Tomasi acheke.

Mwaka huu Mwaisha, mjukuu wake wa kwanza wa kike, ndiye aliyekuwa ndani akisubiri kutolewa. Zuleha alipiga simu mwenyewe.

"Wewe mbeba mizigo, mjukuu wangu anatoka. Ukifa kabla ya siku hiyo nitakuja kukutukana kaburini."

"Mlima wenu bado upo? Nilidhani mmeshautafuna, kwa njaa yenu." Tomasi alikohoa, kikohozi kirefu. Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Nitaona, Zuleha."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Zuleha alilibeba jina hilo wiki nzima, akiwa shambani, akiwa mtoni, akiwa kwenye mkeka wa swala ambako hakupaswa kulibeba. Akajiapia kwamba Tomasi akifika ataambiwa. Kwa maneno gani, hakujua.

Basi siku ndiyo hiyo, na jua lilikuwa limeshapita utosini. Uwanja ulijaa. Walikuwepo wanunuzi wa ndizi kutoka Dar ambao pikipiki zao zilikuwa zikiwasubiri chini na hawakuonekana kuwa na haraka nazo. Walikuwepo wanakwaya wa kigangoni na mwalimu wa madrasa, wote wakisogelea chungu kimoja cha togwa. Yule Msukuma wa mitumba alikuwepo pia, kama mgeni wa kawaida, akila ndizi kwa raha ya mtu asiye na jukumu. Abuu alishazirudisha ngoma motoni zaidi ya mara moja.

"Dada," alisema, akichungulia jikoni, "mwali anachoka huko ndani. Mtani tunaye hapo nje, anamaliza sahani ya pili. Nimwambie?"

"Subirini."

"Tunasubiri nini?"

"Nimesema subirini, Abuu."

Abuu alimtazama dada yake, akarudi kwenye ngoma zake. Alikuwa amemjua tangu utotoni.

Kelele zilitokea kwenye migomba. Mtu alikuwa akigonga mfuniko wa sufuria, na watu wa pembeni wakaanza kupiga vigelegele. Zuleha alitoka jikoni mbio, mikono ina unga. Aliiona kofia kwanza. Kofia ya reli, ileile, kubwa kuliko kichwa.

Chini ya kofia alikuwa Hosiana, kitindamimba wa Tomasi, fundi cherehani wa Kihonda, uso umepakwa masizi na anahema kwa kupanda mlima.

"Sipigi hodi!" alipayuka. "Hodi hupigwa kwenye nyumba za watu! Nyie... nyie..." Alisahau. Alitazama juu, akahesabu kwa vidole matusi aliyofundishwa, akakumbuka. "Nyie mnaoteleza mkifa, mkazikwa kijiji cha chini!"

Watu walimpenda papo hapo. Aliwapaka masizi wazee wawili na mwanakwaya mmoja, akakinyakua kigoda, akakimbia, akateleza kwenye maganda ya ndizi, akainuka nacho akiwa amekishika vizuri kuliko alivyojishika mwenyewe. Utani hurithiwa kama shamba, na huyu mrithi alikuwa amefika na jembe lake. Zuleha alicheka na wenzake. Macho yake yalibaki kwenye migomba, kama kuna mwingine anayekuja nyuma. Alimshika jogoo aliyeandaliwa, akamfuata msichana chini ya mparachichi, na watu wakawazunguka.

"Huyu jogoo au njiwa?" aliuliza Hosiana. "Ongeza."

"Baba yako alipokea wadogo kuliko huyo. Yuko wapi mwenyewe? Amekutuma wewe, amekosa mtoto mzuri?"

"Miguu imemgomea kabisa, bibi wa mawinguni. Anakaa barazani kutwa anautazama mlima wenu, eti anaangalia kama mvua itanyesha." Hosiana alijiweka kofia sawa, akapandisha sauti, kwa maana alikuwa ameagizwa alitangaze mbele ya watu. "Amenituma swali! Anasema hivi: ule mwaka, jibu la punda lilikuwa la utani, au la kweli?"

Kicheko kilichopanda hapo kiliwainua ndege. Wale waliokuwepo mwaka huo waliwasimulia wasiokuwepo, na wasiokuwepo wakacheka mara mbili.

Zuleha alisubiri wapungue. Mdomo wake ulikuwa na majibu mengi, yote mazuri, yamepanga foleni. Aliyaacha yote.

"Lilikuwa la utani," alisema. "Mwambie nilikosea. Mwambie hata mimi namtaka."

Wakacheka zaidi. Wanawake walipiga vigelegele, mnunuzi mmoja wa ndizi akakaa chini kabisa akijishika tumbo, na Abuu akaigonga ngoma mara moja kumpongeza dada yake, vilevile kama ule mwaka. Hata Hosiana alicheka, machozi yakichora njia kwenye masizi.

Zuleha alisimama katikati yao na jogoo mkononi. Sasa alijua Tomasi alivyosimama siku ile, na kigoda kifuani, amesema neno la moyo wake zima zima na uwanja mzima unamcheka, na yeye Zuleha ndiye aliyewachekesha. Alimhurumia, akajihurumia, akasikia uchungu ambao hakuusikia hata kwenye ujane wake. Angeweza kuacha iishie hapo. Hosiana angerudi Kihonda na jogoo, angemsimulia baba yake jinsi watu walivyocheka, na Tomasi angecheka pia, peke yake barazani.

Alifungua mkono. Jogoo alianguka, akajikung'uta, akakimbilia kwenye migomba.

"Sikomboi," alisema Zuleha.

"Unasemaje, dada?" aliuliza Abuu, bado anatabasamu.

"Kigoda sikikomboi. Hosiana, kipeleke kwa baba yako. Kiweke barazani, upande wa kivuli. Mwali wangu akishatoka na wageni wakishaondoka, nitashuka kukikalia."

Kicheko kilikatika kwa wale wa mbele, halafu kwa wale wa nyuma, mpaka ikasikika sufuria ikichemka jikoni. Vikongwe wa ukoo walitazamana. Kigoda hicho kilitoka kwa mama yake Zuleha, na kwa mama wa mama yake, na tangu kichongwe hakijawahi kulala nje ya ua ule.

"Hicho ni kigoda cha mama," alisema Abuu kwa sauti ya chini.

"Najua ni cha nani. Anayekikalia ni mimi."

Abuu aliinamisha kichwa, akazitazama ngoma zake.

Hosiana alimtazama Zuleha, akakitazama kigoda, akamtazama tena. Alikishusha chini polepole. Alivua kofia ya baba yake, akajifuta masizi kwa mgongo wa mkono, yakazidi kuenea. Halafu akapiga goti, mbele ya uwanja wote, siku ya ngoma, ambayo mtani hatoi heshima wala hapewi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Zuleha, na wimbo wa mwali akauanzisha akiwa amesimama.